Fusae na Mkanda wa Nyuma

Karatasi ilikuwa imetandazika juu ya michai kama shuka lililoanikwa na mtu mvivu. Ndivyo Ogino, dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, alivyowasimulia wenzake asubuhi ile, maana alipita pale kwa pikipiki akija kazini. Roli moja ya karatasi, ya kumfika mtu kifuani na nzito kuliko fahali, ilikuwa imepasua ubavu wa lori kwenye kona ya mteremko, ikaangukia shamba la chai, ikabingirika huku ikijikunjua mpaka ikaishiwa nguvu.

"Kuna aliyeumia?" mmoja akauliza.

"Hakuna. Michai tu. Na Katsumata, huyo kaumia moyo."

"Kumbe ni lori la Katsumata?"

"La nani tena? Si yule anayelikosha lori lake kuliko anavyojikosha mwenyewe."

Wakacheka. Fusae Serizawa hakucheka, wala hakununa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa la kupakilia akivaa glavu, kidole kimoja kimoja, na habari ile aliisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mizigo. Lori halikutoka pale kiwandani mpaka yeye apite ubavuni mwake, anyooshe mkono, aelekeze kidole kwenye kila mkanda na kutamka kwa sauti, "Sawa!" Na lori la Katsumata lilitoka jana yake jioni. Alilitoa yeye.

"Dada, unasikia?" Ogino akamwambia. Pale jukwaani wote walimwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. "Usui anakuita ofisini. Vua kofia kwanza, utamtisha."

Fusae akainuka, akaenda.

Tangu mumewe afariki, mwanzoni mwa masika, kila kitu kilikuwa kikimfikia hivyo hivyo, kwa mbali, kama kinapita ukutani. Tokuji alikufa sebuleni akitazama besiboli. Fusae alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu, akamwita aje ale, akamwita tena, halafu akamgombeza kwa nini haitiki. Alimgombeza kwa kirefu. Alipokuja kumtazama, mchezo ulikuwa unaendelea na watu uwanjani wanashangilia.

Msiba ukapita. Mtawa akaja akasoma, ubani ukafukizwa, ikafika na ile arobaini yao ambayo kwao ni siku ya arobaini na tisa, majivu yakazikwa. Majirani walimsifu kwa ujasiri, eti hata chozi hakudondosha. Hakuwa jasiri. Hakuwa chochote. Alikula wali kwa sababu ulikuwa umeiva, akalala kwa sababu taa zimezimwa. Aliporudi kazini mkono wake ulinyooka wenyewe kama zamani, mdomo ukatamka, na watu wakasema, heri, kazi itampoza.

Kazi ile hakuianzia kwenye kidole. Aliolewa na lori, kama Tokuji alivyopenda kutania, maana Tokuji alikuwa na lori lake la kubebea karatasi na Fusae akawa utingo wake tangu wiki ya harusi. Siku hizo jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mawe. Karatasi zilitoka kiwandani kwa mabunda, watu wakiyabeba mabegani na taulo kichwani. Kofia ngumu ilikuwa ya wajenzi. Mzigo ukishapanda, unafunikwa turubai, kisha Tokuji anarusha kamba kutoka upande wa pili, Fusae anaidaka, anaipiga kitanzi cha kukazia, halafu anajining'iniza. Anajining'iniza kweli, miguu ikiacha ardhi, mwili wote kwenye kamba. Ikilegea hata kidogo, Tokuji anapiga kelele kutoka upande wake:

"Bado ina njaa hiyo! Ilishe!"

Na Fusae anaikaza tena. Viganja vyake vilikuwa na sugu ambazo hata maji ya moto hazikuyasikia.

Lakini watu waliumia sana enzi hizo, tena kwa mambo ya kijinga. Mtu ameteleza juu ya turubai lenye mvua. Mtu ameangukiwa na bunda akiwa anakula. Rafiki yao mmoja, mzee mcheshi aliyekuwa akiwagawia matunda madogo makavu yaliyotiwa chumvi, alibanwa kati ya mkia wa lori na ukuta, kwa kuwa hakuna aliyeweka kigingi chini ya tairi. Baada ya huyo, sheria zikaanza kuja. Vigingi vya tairi. Funguo za lori kutundikwa ukutani mpaka upakiaji uishe. Kofia. Foklifti zikaingia, mabunda yakawa maroli makubwa, kamba zikaondoka, ikaja mikanda yenye kulabu za chuma na mkono wa kukazia. Na kikaja kidole, kwa sababu walisema kichwa cha mtu husahau, ila mkono ukinyooka na sauti ikitoka, macho hayana budi kufuata.

Mgongo wa Tokuji ulipokataa, wakauza lori, na Fusae akaajiriwa jukwaani. Tokuji alimcheka. "Mke wangu siku hizi anafunga mzigo kwa kidole." Lakini baadaye Fusae alimkuta jikoni kabla ya kulala, peke yake, amenyoosha mkono kwenye jiko la gesi: "Limezimwa, sawa!"

Ofisini, Usui alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Alikuwa msimamizi mwenye adabu, aliyezungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo ni mteja. Katsumata alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, kichwa chini. Shati lake lilikuwa la jana.

"Karibu, Mama Serizawa. Hatutakuchelewesha. Nataka tu uone hii."

Ilikuwa picha ya kamera ya jukwaani. Katsumata alionekana akikaza mkanda wa mbele, wa kati, wa nyuma. Kisha akaingia mwanamke mdogo mwenye kofia kubwa. Akasimama, mkono ukanyooka kama rula. Mbele, sawa. Kati, sawa. Nyuma, sawa. Akainamisha kichwa kwa dereva, lori likaondoka.

"Vizuri kabisa," Usui akasema. "Nitaitumia kuwafundishia wageni. Sasa Katsumata, wewe mwenyewe umeona. Mkanda ulikaguliwa. Kama ulifunguka, umefungukia njiani."

"Njiani sikuugusa, bosi."

"Basi uliendesha vibaya."

"Mimi? Kona ile naipita kama nimebeba mayai! Waulize walio nyuma yangu, wananipigia honi kila siku."

"Picha haina ubishi."

"Bosi, nakuomba." Katsumata akainama mpaka nywele zikaning'inia. "Mkiniandikia kwamba nimelegeza mkanda au nimekimbiza gari, kwetu kwenye kampuni ya malori hawanipi lori jingine. Mke wangu yuko karibu kujifungua. Niandikieni kosa lolote lile, lakini si hilo."

Usui akasugua shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Barua ya ajali kwa kampuni yenu lazima iende leo. Sina kosa jingine la kuandika."

Fusae alikuwa bado anakitazama kioo. Picha ilikuwa imesimama pale mkono wake ulipoelekea mkanda wa nyuma. Kulabu yenyewe haikuonekana, ilikuwa nukta tu. Akajaribu kuikumbuka. Kulabu ikiingia sawasawa kwenye reli ya bodi hulala, na ikiuma ukingo tu husimama, kama ulimi uliotolewa nje. Mtoto anaweza kuiona. Je, ililala au ilisimama?

Alitafuta kichwani mwake, akakuta hakuna kitu. Si kwamba amesahau. Haikuwahi kuingia. Jana nzima haikuwamo, wala juzi yake. Alikumbuka kufunga mlango wa nyumba asubuhi na kuufungua jioni, na katikati hapakuwa na picha hata moja.

"Sikuangalia," akasema.

Usui akageuka. "Umesemaje, Mama?"

"Sikuuangalia ule mkanda."

"Lakini huyu hapa ni wewe."

"Huo ni mkono wangu. Macho sijui yalikuwa wapi."

Katsumata aliinua kichwa nusu, akabaki hivyo hivyo. Usui akaenda kufunga mlango, akarudi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Serizawa, sikiliza. Ukisema ukaguzi haukuwa ukaguzi, kosa linahama. Linakuja hapa jukwaani. Kwako, na kwangu. Sote tunajua uliyopitia. Una uchungu wa mume. Nenda ukapumzike, mengine niachie."

"Uchungu sina," Fusae akasema. "Ningekuwa nao labda ningeamka."

Aliyasema bila kupandisha wala kushusha sauti. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbusha kwamba maji yanachemka:

"Jana jioni yalitoka na malori mengine, bado yako njiani. Nayo niliyanyooshea kidole. Wapigie simu wasimame wakaze."

Usui alimtazama. Rangi ikamtoka usoni, kidogo kidogo, kuanzia kwenye midomo. Akakamata simu. Kwa muda mrefu pale ofisini hapakusikika kitu ila sauti yake: simama sehemu salama, ndiyo, sasa hivi, panda ukaishike kila kulabu kwa mkono wako, kisha unipigie. Fusae na Katsumata walisubiri wamesimama. Madereva wakapiga mmoja mmoja. Kulabu zote zililala. Mmoja tu ndiye aliyesema mkanda wake ulikuwa umelegea kiasi, lakini si wa kuanguka.

"Bahati," Usui akasema, akakaa.

"Mimi ndiye niliyeifunga vibaya," Katsumata akasema ghafla. "Ile ya nyuma. Mvua ilikuwa inaanza, nikaharakisha. Sina hakika, lakini nadhani niliisikia haikulia vizuri. Nikasema moyoni, Dada ataiona."

Usui akaifuta barua kwenye kompyuta.

Barua ikaandikwa upya. Kulabu haikuingia, ukaguzi haukuiona. Katsumata alisimamishwa muda mfupi, akarudishiwa lori lake likiwa limezibwa ubavu kwa bati la rangi nyingine. Usui alinyimwa sifa aliyokuwa akiingojea, na hakumnunia Fusae, ila tangu siku hiyo alizungumza naye kwa adabu zaidi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Fusae akaondolewa jukwaani. Kofia yake yenye mstari wa kijani akapewa Ogino, na yeye akapelekwa ndani, kwenye ukumbi wa karatasi za chooni, kubandika utepe kwenye maboksi.

"Kule kuna kiyoyozi, Dada," Ogino alimwambia, akishindwa kumtazama. "Utanenepa, usitujue."

"Huenda," Fusae akasema.

Alibandika utepe. Maboksi yalikuja, yakaenda. Aliona kwamba anapaswa kusikia aibu, au nafuu, akangoja kimojawapo kifike, kisha akaacha kungoja. Wanawake wa ukumbini walimpa chai na vijipande vya figili ya chumvi, wakamsimulia habari za wakwe zao, na yeye aliitikia kwa kichwa panapohusika.

Asubuhi ambayo Katsumata alirudi kupakia, jukwaani palikuwa na pilikapilika. Fusae alikuwa mlangoni mwa ukumbi akivuta mkokoteni wa maboksi matupu aliposikia anaitwa.

"Dada!"

Katsumata alikuwa amesimama juu ya bodi, maroli yamepangwa, mikanda imekazwa. Uso ulikuwa umekonda. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, wa kike, na Fusae alikuwa ameambiwa.

"Dada, njoo uniangalizie."

"Si kazi yangu tena."

"Najua. Njoo tu."

"Yuko Ogino."

"Ogino ana kelele. Nataka wewe." Akajaribu kucheka. "Baba wa mtoto anakuomba."

Fusae akauacha mkokoteni. Akapita ubavuni mwa lori, polepole, mikono imening'inia tu. Akasimama mbele ya mkanda wa nyuma. Aliiona kulabu, aliiona reli. Alijua kwamba ni kulabu na ni reli. Akavua glavu, akaishika. Chuma kilikuwa baridi, au pengine hakikuwa. Alikaa hapo mpaka Katsumata akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

"Vipi?"

"Sijui," Fusae akasema.

"Hujui vipi, Dada? Imelala au haijalala?"

"Naiona imelala. Lakini hata siku ile pengine ningesema imelala. Siwezi kukwambia sawa."

Katsumata akashuka. Akamwinamia. Fusae naye akainama, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa.

"Mwite Ogino," akasema. "Muda huu anakunywa chai. Mngoje."

Katsumata akaenda kuzitundika funguo ukutani, akarudi, akakaa ukingoni mwa jukwaa kumngojea Ogino. Fusae akavaa glavu yake, akarudi kwenye mkokoteni.