Fundi Anayebisha Hodi kwa Majeneza Yake

Ni asubuhi, na ukungu bado umeifunika barabara iendayo Kwanza, nje kidogo ya mji wa Kitale. Wakhungu anafungua karakana yake, anavua kofia, kisha anagonga kifuniko cha jeneza la kwanza.

"Hodi? Kuna mtu?"

Anatega sikio, anafungua. Ndani mna maranda tu. Anahamia la pili. Akifika la mwisho, lenye urefu wake yeye, anagonga na kitu kinagonga ndani, mara moja. Mgeni aliyekuja kumhoji anarudi nyuma.

"Ni mbao inakauka," anasema Wakhungu, lakini anakawia kabla ya kufungua. Anachungulia. "Leo pia siko."

Anacheka, na kicheko hicho hakimtulizi mgeni hata kidogo.

Wakhungu, mwenye umri wa miaka 44, ni mzaliwa wa Bungoma na alikuwa mtu wa busaa, pombe ya kienyeji. Jioni akitoka kuinywa kwa mirija alishindwa kufika nyumbani, akawa analala ndani ya kazi yake mwenyewe na kujifunika kifuniko kwa sababu ya baridi. Asubuhi mkewe, Edah, alipita akigonga majeneza, moja baada ya jingine, mpaka mume aitike.

"Yeye hakuwa anacheka," anasema Wakhungu. "Ni mimi nilikuwa naona ni mchezo."

Aprili mwaka huu wa 1991, Edah alichoka, akafunga virago na kurudi kwao Bungoma. Asubuhi iliyofuata hakuna aliyegonga. Watu kutoka Saboti walikuja kuchukua jeneza la mzee wao, wakalipandisha kwenye trela ya trekta na kwenda nalo wakinung'unikia uzito wake njia nzima.

"Nasikia watu kwa mbali, ati huyu fundi ametupea mbao mbichi, iko na maji. Nikadhani naota. Halafu nikasikia wamama wanalia. Nikajua wananililia mimi."

Kifuniko kilipofunguliwa, waombolezaji walikimbilia kwenye mahindi. Aliyebaki ni mjane, Rahab.

"Aliniangalia tu. Akasema, 'Toka, mwanangu. Mwenyewe bado anangoja.' Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliniogopesha."

Tangu siku hiyo hajaonja pombe. Kiu humjia asubuhi, na ndipo alipoanza kubisha hodi mwenyewe. Huyauliza majeneza kama yamelala vizuri, na kuyaonya yasiondoke bila kuaga. Majirani wanadhani amerukwa na akili.

"Nikicheka, kiu inapita. Nikinyamaza, nasikia kama kuna mtu humo ananiita, na sauti ni yangu."

Edah ametuma salamu: atakuja Krismasi ajionee kwa macho yake. Wakhungu amemwomba aanzie hapa karakana.

Jeneza refu linalia tena. Safari hii Wakhungu haligeukii.

"Nimemwambia agonge yote, hata hiyo ya mwisho," anasema. "Mimi nitaitika nikiwa nyuma yake, nimesimama hapo mlangoni na chai."