Jina Nililoliruka

Baba mkwe wangu anaitwa Lusekelo. Nimeliandika mara moja tu, kwa shida, maana tangu niolewe, miaka kumi na moja sasa, sijawahi kulitamka. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe, hali naye meza moja, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeacha njia. Siku hizi wengi wameyaacha hayo. Ukoo wa mume wangu haukuacha. Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, na watani wetu wanasema hasira za Mhehe ziko puani, lakini kwa hili niliinamisha kichwa kama mtu aliyezaliwa Tukuyu. Nilitaka kupendwa, basi.

Mzee alitoka Rungwe kijana akafuata mpunga Ubaruku, kama wenzake wengi. Hakupata mashamba ya kujivunia. Alipata kazi kwenye mashine ya kukoboa ya Harilal, mfanyabiashara wa pale, akawa fundi wa mashine ile kwa miaka thelathini. Ukileta gunia lako, anachota mpunga kiganjani, anatafuna punje mbili, anakwambia haujakauka, rudisha juani. Hakuna mjadala. Akina mama walimnung'unikia na bado walijipanga kwake, kwa sababu mchele uliopita mikononi mwake haukukatika. Mke wake alifariki kabla sijaolewa, akabaki na binti yake Happy. Haya yote nimeyajua kwa kusimuliwa na kwa kuchungulia dirishani. Mkwe wa namna yangu humjua baba mkwe wake kwa kuchungulia.

Na ni kwa kuchungulia ndivyo nilivyogundua. Ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, tumekwenda Ubaruku, niko jikoni nasonga ugali. Dirisha la jikoni linatazama choo cha uani. Asubuhi ile mzee alikwenda mara tano. Anasimama humo muda mrefu, anatoka, anafunga vifungo vya koti, na hata hajakaa anageuka tena. Mimi ni muuguzi. Mwanaume wa miaka sitini na nane akifanya hivyo, anatakiwa kupimwa tezi dume. Inawezekana imevimba tu kwa umri, na hiyo ina dawa. Inawezekana ni saratani, na hiyo nayo ikiwahiwa ina matibabu. Bila kipimo hakuna ajuaye, si yeye wala mimi.

Nilimfuata mume wangu, Benjamini. Yeye ni dereva wa lori la mbao za Mafinga, na siku hiyo alikuwa amechuchumaa anakagua tairi.

"Baba Peter, mzee akapimwe tezi dume."

"Umejuaje?"

"Nimeona anavyokwenda chooni."

Akainua kichwa. "Mama Peter, unamwangalia baba yangu akienda chooni?"

Niliona aibu na hasira vikaja pamoja. Nikamwambia kuangalia wagonjwa ndiyo kazi inayotulisha. Akanijibu kwamba nesi ninakuwa hospitali, pale nyumbani ni mkwe. Halafu akashusha sauti. "Sasa mimi nianzie wapi? Nimwambie baba habari za huko? Mimi niliyemzaa yeye?"

Alivyochanganyikiwa hata maneno aliyageuza, na sikucheka. Nikaenda kwa wifi yangu Happy. "Weee, wifi! Mimi mtoto wa kike!" akasema, akafunika uso kwa kanga. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, na ukoo mzima ukiyaficha kwa niaba ya mgonjwa, anaumbuliwa nani?

Mwaka jana, mwezi wa nane, hospitali yetu ilituma timu kutoka Mbeya kwenda kituo cha afya cha Ubaruku, siku mbili za upimaji wa bure wa tezi dume. Nilipangwa nami. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwambia Benjamini ampigie Yotamu, jirani na rafiki wa mzee, amshawishi waende wote kama wazee wawili wanaokwenda kupima presha. Hilo aliliweza. Kwa upande wangu niliomba nikae ndani, kwenye kuandika chupa za damu, ili mzee akija asinione. Blandina, muuguzi mwenzangu, ndiye aliyeshika orodha ya kuita majina nje.

Saa nne asubuhi mwanaume mmoja, pande la mtu, aliona sindano akaanguka chini. Blandina akaitwa ndani kusaidia kumbeba, na akipita akanisukumizia orodha mkononi. "Eveline, endelea kuita!"

Nikatoka. Nikaita wa kwanza mpaka wa tano wa ukurasa uliofuata, nikiwaangalia kwa mstari, anainuka huyu, anainuka yule. Jina la sita lilikuwa la mzee.

Niliinua macho. Alikuwa benchi la tatu, pembeni ya Yotamu, amevaa koti lake la kanisani, kofia ameiweka juu ya magoti, anatazama chini. Nilifungua mdomo. Ulimi ulikataa. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuishi na jina lisilotajwa. Nimesoma vyuo viwili, nimezalisha wanawake njiani ndani ya gari, lakini jina la herufi nane lilinishinda mbele ya watu arobaini. Nikasoma la saba.

Nilijiambia naingia ndani mara moja, nimtoe Blandina, aje amwite yeye. Nikamkuta anampepea yule bwana kwa faili.

"Njoo umwite namba sita."

"Mwite mwenyewe, huna mdomo?"

"Siwezi. Ni baba mkwe wangu."

Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. Hazikupita dakika tano. Tulipotoka, Yotamu alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi.

"Ameondoka," akasema. "Amesema hakuitwa."

Nilikimbia mpaka getini na sare zangu. Nilimwona mgongo, anatembea polepole kando ya mfereji kuelekea mashineni. Ningemwitaje? Jina siwezi. "Baba" barabarani, mke wa mwanawe anapiga kelele nyuma yake mbele ya watu, nayo siwezi. Blandina ndiye aliyemkimbilia. Mzee alimsikiliza kwa upole akamjibu, "Zamu yangu imepita, mwanangu. Wahudumieni wenzangu." Kesho yake hakuja.

Nilimpigia Benjamini, naye akampigia baba yake. Kisha akanirudia na furaha. "Amesema alikwenda, anashukuru sana."

"Alikwenda, lakini hakupimwa."

"Unataka nimwite baba yangu mwongo?"

Hapo ndipo tulipoishia. Mwezi wa pili mwaka huu mgongo ukaanza kumuuma, wakamchua kwa dawa ya misuli. Mwezi wa nne, siku ya Jumapili, alitaka kuinuka aende kanisani, miguu ikakataa. Tulimleta Mbeya. Daktari alituambia kwenye korido kwamba saratani ilianzia kwenye tezi dume na imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Kuna sindano za kuipunguza kasi na kuna dawa za maumivu. Kusimama, tusitegemee. Nilimuuliza, ingekuwa mwezi wa nane je? Akasema huenda tungewahi, huenda ilikuwa imeshatoka, hakuna awezaye kujua. Ningependa anipige kofi kuliko jibu lile.

Sasa mzee anaishi kwetu Uyole, kwenye chumba cha mwanetu Peter. Ana mpira wa mkojo. Napika mimi, Happy, aliyekuja naye, anampelekea. Benjamini akiwepo ndiye anayemwogesha na kumgeuza. Mimi hupita koridoni na kanga kichwani, haraka, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Namsikia akikohoa na ninajua dozi ya kila dawa yake, na mpaka juzijuzi mlangoni kwake sikuwa nimewahi kuingia.

Jumanne iliyopita, mchana, Happy alikuwa amekwenda hospitali kuchukua mofini ya maumivu. Benjamini alikuwa njiani na mbao, Makambako. Nikasikia mzee anaguna, na mguno ule naujua. Mpira umeziba, kibofu kimejaa. Nilisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nikapiga simu kwa Happy, yuko kwenye foleni. Nikapiga kwa Benjamini.

"Mngoje Happy," akasema.

"Atachelewa. Mzee anaumia sasa hivi."

Nikasikia lori likiunguruma. "Sijui, Mama Peter. Mimi sijui." Alikuwa analia, mtu mzima, na usukani mkononi. Nikamwambia akate simu aangalie barabara.

Ndipo sauti ikatoka ndani, imekauka. "Humu ndani hamna nesi?"

Hakusema mkwe. Alisema nesi. Nikaingia.

Alikuwa amegeuza uso ukutani. Nilinawa, nikavaa glavu, nikavuta maji ya chumvi kwenye bomba la sindano, nikaunganisha kwenye mpira. Akaanza kuongea na ukuta.

"Siku ile kituoni nilikuona."

Mikono yangu iliendelea na kazi.

"Tangu unatoka na karatasi nilikuona. Yotamu akasema twende, turudi kesho. Nikamwambia hapana, leo acha aibu iwe aibu, nimechoka na mkojo huu. Nikakaa. Nikawa nangoja uniite." Macho bado yako ukutani. "Ukaliruka jina. Nikasema, mtoto huyu ana adabu kunishinda mimi mtu mzima. Nikaona haya, nikaondoka. Wazazi wako kule Iringa walikulea vizuri. Ndaga. Asante."

Alikuwa ananishukuru. Nilitaka kumpigia kelele kwamba nilikwenda kumwita Blandina, dakika tano tu, kwa nini hakungoja dakika tano. Sikuweza. Sijawahi kuongea mbele yake. Nikasukuma maji, nikavuta, nikasukuma tena, mpaka mkojo ukaanza kushuka na pumzi yake ikatulia. Nikavua glavu. Kisha nikatoka kinyumenyume, kichwa nimekiinamisha, kama mkwe mwenye adabu.