Kovu la Kitindamimba

Siku ile tulikuwa watano uani kwangu. Nilikuwepo mimi, na jirani yangu wa ukuta mmoja, mama aliyerudi kutoka Tanzania nilipokuwa mdogo, ambaye sisi wote tunamwita mama mkubwa ingawa si ndugu. Alikuwepo rafiki yangu mzaliwa wa Goma aliyeolewa huku kwetu, ng'ambo ya mpaka. Mimi na yeye tunavusha karoti pamoja kwenye mpaka mdogo wa waendao kwa miguu kila asubuhi. Binti yake wa miaka saba alikuwa akiingia na kutoka langoni. Na alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, ambaye wakwe wangekuja kumposa baada ya wiki chache. Maharage tuliyokuwa tukichambua yalikuwa ya sherehe yake.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulikuwa tumezibua mitaro na mtaa mzima, na majembe yalikuwa yameegemea ukuta, bado yana udongo. Binti yule akaingia akichechemea, ameshika goti. Mawe ya kwetu ni ya volkano, meusi, yenye vitundu na makali. Ukiangukia juu yake, lazima uinuke na alama.

"Iko damu?" mama yake akauliza, macho kwenye ungo.

"Kidogo."

"Kidogo haiko damu. Kuja nione."

Akaliangalia, akalifuta kwa pembe ya kitenge, akamrudisha kucheza. Akatuambia, "Mi huyu wa magoti hanisumbui. Ule mukubwa wake alinitesa. Aliingiza haragi mu pua, akanyamaza siku tatu. Naona pua inavimba, nafikiri ni mafua. Kumbe haragi imeanza kuota."

"Ungengoja wiki moja zaidi," mama mkubwa akasema, "ungevuna."

Tulicheka mpaka mdogo wangu akamwaga ungo wake. Mama mkubwa naye akatusimulia juu ya mwanawe aliyeng'oa jino kwa kulifunga uzi kwenye shingo ya mbuzi, mbuzi akakataa kutembea. Nilipenda kuwasikiliza. Wakati wa ujana wangu sikuwa na nafasi ya kukaa hivyo. Wenzangu walipokuwa darasani, mimi nilikuwa nikikosha watoto wanne kwenye beseni moja, nikianza na aliye msafi kidogo ili maji yafike kwa wote. Mpaka leo nikinusa sabuni ya mche na moshi wa maharage kwa pamoja, naona migongo minne midogo imejipanga mbele yangu, ikitetemeka kwa baridi ya asubuhi.

Mdogo wangu akagusa kidevu chake, penye kovu dogo kama punje ya mchele. "Na hili langu? Shangazi husema mama mkubwa aliniangusha."

"Ndiyo, nilikuangusha," mama mkubwa akajibu, bila kuacha kuchambua. "Ulikuwa mzito kama gunia la viazi."

Wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu mama mkubwa hakumwangusha kabisa.

Mama yetu alipozikwa kando ya baba, shangazi, dada wa baba, alikuja kutoka kijijini kwake Cyanzarwe akakaa wiki moja. Siku ya kuondoka aliniambia, "Nakuachia wadogo zako. Lakini nikisikia hata mmoja ameumia, nitawagawa. Huyu mchanga nitamchukua mimi." Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliacha shule darasa la tano, na nilikuwa nabeba mizigo ya watu mpakani. Kitindamimba wetu alikuwa na miaka miwili, na kila nilipoondoka nilimfunga kwa kitenge mgongoni mwa kaka yake wa miaka minane, nikamwambia kaka akae mlangoni.

Siku moja foleni ya mpakani ilichelewa. Kaka alichoka kukaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko, na watoto wa mtaa walikuwa wakiteleza juu yake wakiwa wamekalia nusu ya dumu la njano lililopasuliwa kwa urefu. Alinitii sana yule mtoto. Nilikuwa nimemwambia asimfungue mdogo wake mgongoni, naye hakumfungua. Aliteleza naye.

Nilipofika niliwakuta kwa mama mkubwa. Hakuwa amewalinda, alikuwa ametoka ziwani kufua, akasikia kilio. Alikuwa ameshaosha kidevu kwa maji ya chumvi na kuchana pindo la kitenge chake kipya ili akifunge. Kaka alikuwa amesimama pembeni, bado ameshika kamba ya dumu.

Jumapili shangazi akaja. Niliona macho yake yakienda moja kwa moja kwenye kile kitambaa. Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Alisema, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, "Dada yangu, nisamehe. Mtoto alikuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyemwangusha."

Shangazi alimtukana mbele ya mtaa. Kisha akanigeukia. "Wewe bakia na wenzako. Ila huyu mwanamke asimguse tena mtoto wetu." Na tulibaki. Wote wanne walikulia chini ya bati lile lile. Tangu siku hiyo, shangazi akija kwetu, hupita njia ya nyuma, ndefu, ili asipite mbele ya lango la mama mkubwa.

Haya yote niliyasimulia pale uani. Mdogo wangu alisikiliza mkono ukiwa kidevuni.

"Ndiyo maana kaka anaendesha pikipiki yake vile," akasema mwishowe. "Anafikiri ni dumu."

Rafiki yangu akacheka peke yake. Mdogo wangu alikuwa akimtazama mama mkubwa. "Shangazi amesema siku ya posa hatakaa nawe chini ya turubai moja."

"Najua," mama mkubwa akasema. "Nitapika nyuma. Sufuria nazo zinahitaji mtu mzima."

"Hautapika nyuma," nikamwambia.

"Mwanangu, ukimwambia sasa, atasema alikuwa na haki, kwamba hamkuwa na mtu wa kuwaangalia."

"Tulikuwa na mtu."

Alipepeta ungo, akapuliza makapi, akaumwaga kwenye sufuria.

Nimekwenda Cyanzarwe mara mbili tangu siku ile, nikitaka kumwambia shangazi ukweli. Mara ya kwanza nilimkuta shangazi akipalilia viazi. Nikapalilia naye matuta matatu, akaniuliza habari za watoto wote mmoja mmoja, nikarudi. Siku hizi mgongo wake umepinda, na anajivunia sana kwamba hakutugawa. Mara ya pili alinionyesha nguo aliyoshona ya kukalia kiti cha mama siku ya posa. Niliisifu.

Wakwe wanakuja Jumamosi ijayo. Maharage yako tayari, turubai limelipiwa. Viti vya mbele ni viwili, kimoja cha shangazi. Nimeviweka mwenyewe uani ili nione vinavyokaa. Kesho naamka mapema kwenda Cyanzarwe tena. Kile cha pili bado hakina mtu, na neno ninalodaiwa bado liko kinywani mwangu.