Fundi Mbudha wa Nachingwea

Mwaka jana nilikwenda Nachingwea kwenye msiba, nikapita palipokuwa na nyumba za mafundi wa yale matrekta ya karanga. Sasa pamelimwa ufuta. Nikasimama, ndugu yangu, nikamkumbuka jirani yetu, fundi Mbudha aliyetoka kisiwa cha Silani, huko karibu na India.

Wazungu walipokuja kufyeka pori walime karanga ndio waliomleta atengeneze mitambo. Mikono yake ilinuka dizeli kutwa, lakini jioni alikaa barazani amefumba macho, kimya, sisi watoto tukimcheka chinichini. Nyama hakula. Nge akiingia ndani alimfunika kwa kikombe, akaenda kumwachia kichakani.

"Huyo Budha ndiye Mungu wenu?" bibi alimuuliza.

"Hapana, Bibi. Alikuwa mtu kama sisi. Mwalimu."

Bibi akamwonea huruma, akampelekea kisamvu cha karanga.

Kisha surua ikamchukua mdogo wangu, hata kutembea hajaanza vizuri. Matanga yakaisha, mama hakuinuka. Uji wa mtama ulipoa mbele yake, naye kaikumbatia kanga ya kumbebea mtoto. Bibi akaanza kunong'ona kwamba tutazika wawili.

Fundi akaja, akaketi mkekani. Mama akamuuliza kwa hasira, "Mwalimu wako anasemaje juu ya hili?"

Fundi akajibu, "Anasema kuishi kuna maumivu, Mama. Kila kilichozaliwa kitaondoka. Sisi tunakishika, tunataka kibaki, hapo ndipo panapouma zaidi."

"Kwa hiyo nisimpende?"

"Mpende. Hata mimi nampenda. Lakini legeza mkono, ule uji."

Mama akaangua kilio kikubwa, kile ambacho siku ya maziko hakikutoka. Alipotulia, bibi akamlisha uji, naye akameza.

Mradi wa karanga uliposhindwa, mafundi waliambiwa warudi makwao. Wetu alikuja kuaga, akashika nguzo ya baraza, machozi yakamtoka.

Mama akamwambia taratibu, "Fundi, si ulisema kila kitu kinaondoka?"

"Nilisema, Mama," akajibu, akicheka huku analia. "Kusema nilijua zamani. Kuachia bado najifunza."

Hatukupata habari zake tena. Bibi alikwenda, mama naye akamfuata, Mwislamu wa swala tano hadi mwisho wake. Mimi kuachia sijajifunza, na kusema kweli, sina haraka.