Severina na Kilima cha Kokoto

Severina alianza kwa kuwapikia. Watafiti walikuwa wamepiga kambi kwenye pango moja nje ya Iringa mjini, wakitaka mtu wa kuwasongea ugali, naye alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Msimu wa tatu mwosha mawe wao akaugua. Severina akafuta mikono kwenye kanga, akashika brashi. Miaka kumi na sita imepita na bado ameishika, ila sasa yuko Kihesa, kwenye stoo iliyojaa mifuko ya mawe ambayo watu wa kale waliyachonga kuwa visu na ncha za mikuki.

Mengi yalikuwa mawe meupe, yale yanayookotwa popote. Lakini kulikuwa na aina moja ya kijani inayokaribia weusi, laini, ikivunjika inaacha makali kama wembe. Pangoni ilijaa tele. Nje hakuna aliyewahi kuiona. Dokta Didas, mkuu wa utafiti, alipanda vilima na kufuata mito misimu mitatu, akikusanya sampuli na kuzipeleka kwenye mashine inayosoma madini yaliyomo ndani ya jiwe, apate kujua watu wale walilichukua wapi. Hakuna sampuli iliyolingana.

Severina alipajua mahali lilipotoka. Alipagundua siku ya msiba wa shangazi yake, alipofikia kwa mdogo wake, Amosi. Huyu Amosi aliwahi kufanya kazi ya kupasua mbao Mafinga, msumeno ukamla vidole vitatu, akarudi nyumbani kuponda kokoto kwenye kilima cha baba yao. Severina aliinama kwenye lundo akaokota kipande cha kijani.

"Dada, hilo lina nini?"

Akamweleza kwa furaha yote. Amosi hakufurahi.

"Wakija hao wataweka bikoni za mpaka. Watasema ni malikale, nisiguse. Na mkono huu, nani atanipa kazi?" Akamsogelea. "Niapie kwa kaburi la mama kwamba husemi."

Severina akaapa.

Basi miaka miwili ilimpita hivyo. Kule stoo, Didas alitandaza ramani mezani akaweka kidole hapa na pale, na Severina alikaza macho kwenye beseni lake, akisugua jiwe ambalo lilikwisha takata zamani. Alipokwenda kumsalimia mdogo wake alikuta kilima kimeliwa zaidi, na katikati ya kokoto aliona vipande vilivyochongwa, kazi ya mikono ya watu wale wale, vikisubiri nyundo. Hakuweza kumwambia Amosi acha. Hakuweza kumwambia Didas njoo. Mwishowe akaacha kwenda, akisingizia miguu.

Asubuhi moja Didas aliingia na karatasi zake.

"Mama Severina, nimechoka kutafuta. Naandika kwamba lilitoka Mbeya. Sampuli moja ya kule inakaribia kufanana."

"Inakaribia, Dokta. Haifanani."

"Ndiyo hiyo tuliyonayo."

Kabla hajajizuia, Severina alikwisha nyanyua kipande. "Tazama ganda hili la nje. Mtu akichukua jiwe kutoka mbali halibebi na ganda lake. Analimenya huko huko, mzigo upungue. Haya ninayoosha mimi karibu yote yana ganda. Na ganda lenyewe halijasuguliwa na maji, kwa hiyo si la mtoni. Limetoka kilimani, tena karibu."

Didas akaweka kalamu chini. "Karibu wapi, mama?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hajui. Neno lenyewe lilimfika mdomoni. Lakini alijua kwamba akilisema, uongo ule wa Mbeya utachapwa na kusomwa na watu, na kilima kitaisha chote bila mtu kujua kilikuwa nini.

"Kwetu," alisema, akaanza kulia. "Kwa mdogo wangu."

Mashine ililinganisha, ikakubali. Wakaja watu wa malikale na bikoni zao. Didas alimwombea Amosi mpaka akaachiwa upande wa chini, ambako jiwe ni bovu na mafundi wa ujenzi hawalitaki. Wakampa kazi ya ulinzi wa kilima, akaikataa. Kijiji kizima alikiambia kwamba dada yake amemuuza.

Krismasi Severina alikwenda kwa Amosi na sukari na kitenge cha kumpa wifi yake.

"Kamwene," alisalimia.

Amosi aliitikia kama anavyoitikiwa mpita njia, akaendelea kuponda lile jiwe bovu. Severina alikaa pale mpaka alasiri. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemkaribisha ndani.

Jumatatu alifungua stoo. Wanafunzi walikuwa wameshusha mifuko kumi na mmoja kutoka kile kilima, mawe yote hayajaoshwa. Akajaza maji kwenye beseni, akafungua wa kwanza.