Neno la Kumi Kabla ya Jua Kuzama

Mwezi wa Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri, na siku ile lilikuwa na haraka kuliko kawaida. Au labda ni mimi tu, ambaye huhangaika hata na mambo yasiyonihusu. Ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu mama wa mzee mmoja wa kwetu, Myahudi kutoka mashariki mwa Uganda kama mimi. Mzee alitaka kumsomea Kadishi, sala ya wafiwa, na sala hiyo haisomwi wasipokuwepo watu wazima kumi. Asubuhi tulishindwa kuwapata. Jua likizama, siku ya mama imepita.

Tulikusanyika sebuleni kwake, Hallonbergen. Baadhi walikuwa wameomba ruhusa kazini. Dereva mmoja wa basi alikuwa bado na sare yake. Mzee akaniambia nihesabu, eti kwa kuwa nimesoma.

Sisi hatuhesabu watu kwa namba. Tunatamka aya ya zaburi yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Nikapita nikiwatazama mmoja mmoja. Watu wakaisha, neno la kumi likanibaki mdomoni.

"Tumepungukiwa na mmoja," nikasema.

Mzee akasogea dirishani. Nikampigia rafiki yangu wa Spånga. Treni yake ilikuwa imekwama. Nikarudia aya polepole, nikihofu nimeongeza neno. Likabaki lilelile. Nikawaza labda aya yenyewe siyo. Nikawaza labda hata Kiebrania sikijui.

Dereva akanikazia macho. "Na wewe, ndugu yangu, umekuja kukagua mabomba?"

Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Shahada mbili!" mzee akapaza sauti huku akijifuta machozi. "Shahada mbili, na hajui kama yupo! Njoo usimame hapa, mwanangu."

Tukageukia Yerusalemu, yaani upande wa jokofu, tukasali. Kadishi haitaji kifo hata mara moja. Ni kusifu mwanzo hadi mwisho. Miaka yote nimejiuliza kwa nini. Siku ile mzee aliisoma huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko, nami nikasahau kujiuliza. Tulipoitikia amina ya mwisho, mwanga ulikuwa bado kwenye pazia.

"Mama alipenda nyumba yenye kelele," mzee akasema, akaenda kuchemsha chai.