Barua ya Kumsafisha Mboje

Mzee mpiga chapa wa nje ya mahakama ya Bariadi hagusi mashine kabla hajafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, kama mtu anayekaribia chakula. Kila barua huisoma kwa sauti, hata mteja akiona haya. Milembe aliona haya. Wiki iliyopita alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba jirani yake Mboje kamwibia dume la ng'ombe. Kumbe dume lilifuata ng'ombe wa watu lamboni kunywa maji. Sasa Mboje anataka aombwe radhi kwa maandishi kabla ya Ijumaa, la sivyo anafungua kesi ya kashfa.

"Andika: kama nilimkosea, anisamehe."

Mzee aliinua vidole. "Mayu, mama yangu, ulimwita mwizi, hukumwita?"

"Nilimwita."

"Basi hiyo 'kama' rudi nayo nyumbani. Hakimu hataitaka."

Akaandika bila 'kama', huku akinung'unika kwamba zamani mzushi alitozwa mnyama, mnyama huyo akaliwa na kijiji kizima, aliyesingiziwa akiwa wa kwanza kunawa mikono. Siku hizi watu wanachafuana kwa simu na kupatana kwa mhuri.

Milembe alitia sahihi, akatoa simu, akalisomea kundi lilelile barua hiyo, kisha akaongeza kwa Kiswahili chake cha nyumbani, "Na Jumapili nachinja mbuzi. Mboje, uje."

Jibu lilirudi upesi, sauti ya Mboje: "Barua nimeisikia. Huyo mbuzi asiwe amekonda."

Mzee akachukua leso, akafuta vidole, kimoja kimoja, akimwaza mbuzi, ingawa hapakuwa na karatasi kwenye mashine.